Kaburi Namba Arobaini na Moja

Kwanza yanyooshwe yaliyopindishwa. Wahida binti Bwanaheri hakupandwa na jini. Hakununuliwa na watu wa gesi ili aseme kaburi la sharifu ni tupu. Wala hakuandika kitabu cha kumtukana baba yake. Maneno haya matatu yametembea kutoka Palma hadi Awasse na kurudi, kila mdomo ukitia chumvi yake, na wanaoyasema zaidi ni wale ambao siku yenyewe hawakuwapo. Ukoo wa Mwalimu Bwanaheri ni wa watu waliosoma na kusomesha tangu ghuba ya Tungue haijapata taa hata moja. Habari zake haziwezi kuachiwa vibaraza vya watu wasio na kazi. Ilivyokuwa ni hivi.

Wahida alizaliwa Mtomokoni, kijiji kidogo ng'ambo ya ghuba, ambako leo hakuna nyumba iliyosimama. Baba yake alisoma Lindi, akarudi akafungua chuo cha Kurani. Watoto thelathini, wa kike kwa wa kiume, walikaa mikekani chini ya paa la makuti, kila mmoja na ubao wake, na sauti zao zilisikika hadi pwani. Watu walimletea watoto wao kwa sababu hakuwa mtu wa kupiga ovyo, na kwa sababu hakuna aliyehitimu kwake akaja kukwama katika Yasini mbele za watu.

Ukaja mwaka wa kipindupindu. Kwa mwezi mmoja Mwalimu alizika watoto kumi na mmoja, sita kati yao wanafunzi wake. Yeye ndiye aliyeshuka kaburini kuwapokea, na yeye ndiye aliyewasomea talakini, akiwakumbusha marehemu wale wadogo majibu watakayowapa malaika wawili watakapowauliza: Mola wako nani, Mtume wako nani, dini yako nini. Aliporudi kutoka kumzika wa kumi na moja hakugusa chakula.

"Nimewafundisha herufi, Tatu," alimwambia mkewe. "Kujibu sikuwafundisha."

Walimu wenzake walimwambia mtoto haulizwi. Akawauliza wao wanajuaje mtoto anakoma kuwa mtoto saa ngapi. Siku ya tatu akachukua jembe, akachimba nyuma ya chuo shimo la urefu wa mtu mzima, kina chake kifuani, na ubavuni mwake akatengeneza mwanandani kama wa kaburi la kweli.

Ifahamike kwamba hakukusudia ukatili. Alikuwa mtu aliyeona jambo la kutisha linakuja, akataka watoto wa watu walizoee. Mtoto alishushwa, akalazwa ubavu wa kulia uso ukielekea kibla, mkeka ukatandazwa juu. Kisha Mwalimu akasimama ukingoni na kuuliza kwa sauti nzito, akipiga ardhi kwa fimbo yake. Aliyejibu alitolewa na kupewa tende. Aliyekwama alibaki mpaka ajibu. Na wa kwanza kushuka alikuwa binti yake mwenyewe, asije mtu akasema Mwalimu anawapendelea wa kwake.

Wahida alikuwa na miaka tisa. Yale majibu aliyajua kama alivyolijua jina lake. Lakini mkeka ulipofunika, na sauti ikaja ikipitia udongoni, haikuwa sauti ya baba. Ilikuwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kumbeba mgongoni. Ilijaa shimo lote, ikamwingia meno na mbavu, ikamwuliza Mola wake nani, na ulimi wake ukalala mdomoni kama kitu cha mtu mwingine. Sauti ikauliza mara ya pili. Ikauliza mara ya tatu.

Hapo mtu akaja mbio kutoka kitongoji cha pili: baba wa mtu huyo anakata roho, Mwalimu anaitwa amsomee. Mwalimu akaondoka haraka, akidhani watoto watamtoa mwenzao. Watoto nao hawakuthubutu kuinua mkeka bila ruhusa ya Mwalimu. Wakakaa pale, kimya, wakiutazama. Adhuhuri ikapita, alasiri nayo ikapita. Aliyekuja kuufunua ni Tatu, mama yake, akitoka pwani kuokota chaza, kikapu bado kichwani.

Siku nane Wahida hakusema neno. Aliporudiwa na sauti alisema yote isipokuwa moja. Alisali, alifunga, alisoma. Lakini mtu akimwuliza lile swali la kwanza, hata kwa mzaha, kinywa kiligeuka jiwe. Na tangu siku ile hakulala amejinyoosha. Alilala ameketi, mgongo ukutani.

Baba yake naye alilala vivyo hivyo, ameketi, tangu Tatu aolewe naye. Hakuna aliyepata kumwuliza Mwalimu kwa nini.

Shimo lilitumika miaka saba. Mwalimu alipofariki akazikwa Palma, kwa heshima zote, na chuo kikafa pamoja naye. Masika mawili yakaangusha paa. Wahida akahamia Palma na mama yake, akajifunza cherehani, akawa fundi wa kike anayetafutwa, kwa kuwa mshono wake haufumuki na maneno yake ni machache. Kaka yake Tarique akamwoa Sumaia, mwalimu wa escola, shule ya serikali, na nyumba ile ikawa ya vitabu vya pande zote mbili, vinavyosomwa kuanzia kulia na vinavyosomwa kuanzia kushoto.

Huku nyuma vita vilikuwa vimewasukuma watu pwani. Familia kadhaa kutoka upande wa Diaca zilifika Mtomokoni zikakuta gofu la chuo, na nyuma yake shimo lililofukiwa nusu, mawe yamepangwa pembeni kwa adabu. Waliambiwa hapa aliishi mwalimu mkubwa. Wakajumlisha wenyewe. Mmoja wao, Jamaldine, ambaye mkewe alikuwa ameharibikiwa na mimba tatu, alipiga magoti pale akaomba, na mwaka huohuo akapata binti aliye hai mpaka leo. Akasimamisha bendera nyeupe. Kila Alhamisi alifagia, akafukiza ubani. Basi likawa Kaburi la Sharifu, na watu walitoka mbali kuja kulizuru.

Waliolala mle wakiwa watoto walijua. Wengine waliona haya. Wengine walipita pale wakasoma Fatiha bila kujua wanamsomea nani. Nyumbani kwa Mwalimu, na hili lisipotoshwe, hakuna aliyevuna chochote kwa kaburi lile, si mali, si sifa. Walinyamaza tu, na kunyamaza kwenyewe kulionekana ni heshima.

Kisha zikaja meli za gesi.

Palma ilikuwa haijawahi kuona vyombo vya namna ile, na watu walisimama ufukweni kama waliosimamishwa na mtu. Jirani mmoja, Mudi, mvuvi wa maji makuu, alifika barazani kwa Wahida asubuhi moja bado ana chumvi masikioni.

"Dada Wahida, wallahi nimeona moto juu ya maji. Mrefu kuliko mnara wa msikiti. Jua kali, mchana kweupe, nao unawaka, na haushiki kitu!"

"Mudi, ulikunywa nini?" akauliza Chamima, mteja aliyekuwa anasubiri gauni lake.

"Maji ya bahari, mama. Tulizima mashine sote. Mzee mmoja alianza kusali."

"Unatoka wapi huo moto?" akauliza Wahida.

"Chini. Wametoboa. Wanasema chini ya bahari, halafu chini ya hapo, halafu chini tena."

Wanawake walicheka, kicheko cha watu wasiotaka kunyamaza. Wahida aliondoa mguu wake kwenye cherehani. Tangu utotoni alifundishwa kwamba chini ya ardhi kuna tabaka saba, na kwamba kila lililo chini linasubiri. Sasa watu walikuwa wameshusha chuma huko, wakauliza, na huko chini wakajibiwa kwa moto. Baadaye alimwambia wifi yake kwamba alipomsikia Mudi hakuogopa. Alihisi kama mtu aliyebeba habari miaka thelathini akidhani ni ndoto, kisha akaisikia kwa mwingine.

Ijumaa hiyo alichukua daftari moja la shule kati ya yale yaliyobaki kwa Sumaia, akaanza kuandika kwa kalamu ya kuchorea vitambaa. Aliandika asubuhi kabla ya wateja, siku arobaini. Juu aliandika jina: Mwulizaji.

Ilikuwa hadithi ya kutisha, na isisemwe vingine. Kuna kijiji ambako kila mtoto akijua kusoma hushushwa shimoni. Chini ya shimo anaishi Mwulizaji. Hana uso, mahali pa uso pana sikio moja kubwa lililojaa mchanga. Anauliza, mtoto anajibu sawasawa, naye hasikii kwa sababu ya mchanga, basi anauliza tena. Kila akiuliza humla mtoto sauti kidogo, mpaka mtoto anatoka akiwa na sauti ya Mwulizaji kooni. Wanakua, wanazaa, na sauti hiyo ndiyo wanayowaulizia watoto wao. Mahali pamoja mtoto anasema:

"Nilijibu, akasema: Sikusikia. Nilijibu tena, akasema: Sauti hii ya nani? Nikageuka, nikaona majibu yangu yamelala kando yangu kama samaki waliotupwa mchangani, yanahema."

Sumaia amesoma vitabu vingi, vya Kireno na vya Kiswahili. Aliposoma maneno hayo alilifunga daftari akakaa nalo mapajani, na chai yake ikapoa.

Wahida aliwasomea wateja wake katika siku za mwisho za Ramadhani, wanawake wanapojaa barazani kwa nguo za Idi na kila mmoja anataka yake imalizike kwanza. Alianza kwa sababu walikuwa wanagombana, akataka watulie. Wakatulia.

"Ebo!" alisema Chamima, amesimama na pini mabegani. "Mimi nimekuja kupimwa gauni, fundi ananipima sanda!"

"Simama wima, utachomwa."

"Nitasimama vipi na hilo dude lenye sikio? Leo chooni nitasindikizwa na nani?"

"Mumeo."

"Mume wangu? Huyo ataliona dude kabla yangu, anipite mlangoni!"

Walicheka hadi machozi. Wahida akaendelea. Akafika pale mtoto anapofunikwa, anapoona mwanga umebaki vitone vitone kama unga uliomwagika. Nasma, mwanamke mtulivu ambaye mumewe ana duka la vitu vya Mtwara, alikuwa kwenye pembe akishona vifungo. Alisema bila kuinua uso:

"Upande wa miguuni mkeka ulikuwa na tundu. Ulikuwa unaona kidole cha mguu cha Mwalimu."

Hakuna aliyekuwa amesoma habari ya tundu. Haimo kwenye daftari. Wahida aliinua macho. Nasma naye aliinua yake. Wawili hao walikuwa wamesalimiana kila siku kwa miaka ishirini bila kulitaja shimo.

"Kilikuwa na kucha iliyovunjika," alisema Wahida.

"Ndiyo. Niliitazama hiyo kucha. Niliiomba yenyewe inisaidie."

Chamima alishuka kwenye kigoda taratibu, pini zote mwilini, akaketi chini. Yeye, mchekeshaji, aliyemtania mpaka bwana administrador, mkuu wa wilaya, alisema kwa sauti ndogo kwamba alishushwa mara nne. Kwamba mpaka leo akiona mkeka mpya anatapika, na huwadanganya watu kuwa ni harufu ya ukili. Mwingine akasema yeye alijibu vizuri na kupewa tende, na tangu siku ile tende haimpiti kooni, hata ya kufuturu. Walikuwa wanawake saba barazani. Watano walikuwa wamelala mle. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyebaki nusu chini. Palikuwa na kitu juu ya wanawake wale saa ile, kama pale imamu anapokaribia kutoa salamu na msikiti wote hauna pumzi.

"Malizia," alisema Nasma. "Linakufa hilo dude?"

Wahida akamalizia. Mtoto wa mwisho, akiwa hana sauti iliyobaki ila ya swali moja, anamwambia Mwulizaji: "Na wewe? Nani alikuuliza?" Na Mwulizaji, ambaye hajawahi kuulizwa kitu, anaanza kulia, na mchanga unamwagika sikioni.

Hicho ndicho kitabu kinachoitwa cha matusi. Jina la Mwalimu Bwanaheri halimo. Neno baya juu ya dini halimo. Lakini wanawake saba wana midomo saba, na habari ilipofika sokoni ikawa Wahida amemfanya baba yake shetani asiye na uso.

Sumaia hakufurahi, na hilo halifichwi. Tarique alikuwa ameshafariki, na aliyebaki kulinda jina la nyumba ile alikuwa yeye. Alimwambia wifi yake aandike atakavyo, ila daftari likae sandukuni. Wahida akakubali. Habari ingeishia hapo, kama si watu waliokuja kuhesabu.

Kampuni ya gesi ilitaka ardhi ya ng'ambo, na Mtomokoni ilikuwa ndani ya mpaka. Wahesabuji walipita wakiandika minazi, mikorosho, nyumba na makaburi, kwa kuwa iliamuliwa kwamba marehemu nao watahamishwa pamoja na watu wao. Aliyeandika makaburi aliitwa Custódio, técnico, mtaalamu wa kampuni, kijana kutoka kusini, mtu wa adabu, aliyevua kofia kwa kila kilima cha mchanga. Kila kaburi lilipigiwa kigingi chenye namba nyekundu. Kaburi la Sharifu likawa namba arobaini na moja.

Wazee waliafikiana namba arobaini na moja ihamishwe kwa khitma na ng'ombe wawili. Jamaldine akavuka ghuba, akafika barazani kwa Wahida na jora la bafta nyeupe.

"Fundi, wewe ni binti wa Mwalimu. Sanda ya sharifu haishonwi na mkono mwingine."

Wahida aliishika ile bafta. "Mtampeleka wapi, kaka Jamaldine?"

"Kijiji kipya. Tutamweka katikati, mama! Na kando yake tutajenga chuo. Watoto watakuwa wanaletwa kila Alhamisi mbele yake, wanaulizwa maswali ya kaburini, wazoee tangu wadogo. Kama zamani za baba yako, Mungu amrehemu. Watu wamenisimulia."

Alisema kwa mapenzi, macho yake yanang'aa. Alipoondoka, Wahida alibaki na jora mapajani hadi Sumaia aliporudi kutoka shuleni.

"Wifi, siwezi kulishona."

"Litashonwa na mwingine. Wewe sema unaumwa."

"Mle hamna mtu."

"Najua hamna mtu! Palma nusu nzima inajua." Sumaia aliweka chini madaftari ya wanafunzi. "Ukisema hamna mtu watakuuliza basi shimo la nini. Utajibu nini? Utasimama mbele ya wazee na wageni wa kampuni useme Mwalimu Bwanaheri alizika watoto hai?"

"Hakuzika."

"Ndivyo watakavyosema! Liache lihame. Mchanga mtupu ndani ya sanda, unamdhuru nani?"

"Umesikia wanachotaka kujenga kando yake?"

Sumaia aliyapanga upya madaftari yaliyokwisha kupangika.

"Shimo linataka kuvuka maji, wifi. Mimi nilidhani litabaki kule, watu wa gesi watapitisha matrekta yao, nitakufa nikijua halipo. Sasa linafuata watoto. Na sanda yake niishone mimi."

Sumaia alisema maneno makali kuhusu jina la familia, na hayajutii yote. Wahida aliyasikiliza mpaka mwisho. Kisha akakunja bafta vilevile ilivyokuja, bila kuikata, akaifunga kwa uzi.

Siku ya kuhamisha walivuka watu wengi, wake kwa waume. Custódio alikuwa na daftari lake kubwa. Wanaume walisoma, wakaondoa mawe, wakaanza kuchimba kwa mikono na vifuu vya nazi, wasimjeruhi sharifu kwa jembe. Mchanga ulikuwa laini. Wakafika kina cha kifua, wakafika mwanandani. Hawakukuta mfupa. Hawakukuta hata jino. Mwanandani ulikuwa safi kama uliofagiliwa.

Watu walishusha pumzi wote kwa pamoja. Na Jamaldine akaanguka magotini, mikono juu, machozi yanamtoka.

"Allahu akbar! Hayupo! Watu wa daraja ile ardhi haiwashiki!"

Takbira ikapokewa na mamia. Wengine walisujudu. Waliojua ukweli wenyewe walisisimka mwili, maana pale palipokuwa na utupu palikuwa pamejaa ghafla. Sumaia naye alijikuta anaitikia takbira.

"Então, basi," alisema Custódio taratibu, kalamu mkononi, "naandika nini hapa?"

"Andika amepaa!"

"Mzee wangu, fomu haina sehemu ya kupaa."

"Iweke!"

Ndipo Wahida alipopita katikati ya watu, jora la bafta kwapani, akalirudisha mikononi mwa Jamaldine.

"Hakupaa mtu," alisema. Sauti yake haikuwa kubwa, ila watu walinyamaza kwa kuwa hawakuwa wamezoea kuisikia. "Aliyekuwa humo ni mimi. Nilitoka kwa miguu yangu, mama yangu amenishika mkono."

Kelele zikazuka. Mmoja alisema jini limepanda, mwingine alisema kampuni imemlipa. Ndipo yalipozaliwa yale maneno mawili. Wahida hakubishana. Alivua viatu, akavipanga ukingoni kama mtu anayeingia msikitini, akashuka.

"Toka humo, mwanamke!" alipiga kelele Jamaldine.

Alijilaza ubavu wa kulia, uso kibla. Alikuwa na miaka arobaini, magoti yake yalikataa kunyooka, akayakunja. Miaka thelathini na moja hakuwa amelala namna ile. Kutoka chini akasema, "Nifunikeni."

Hakuna mwanamume aliyesogea. Nasma akafungua kapulana yake, leso ya juu, akaitandaza juu ya shimo kutoka kichwani hadi miguuni, na Chamima akakaa kwenye pindo moja ili upepo usiipeperushe. Chamima hakuwa na mzaha wowote usoni.

"Wifi," ilisema sauti kutoka chini. "Niulize."

Kila mtu alimtazama Sumaia. Alikuwa amekuja pale kulinda jina la nyumba, na angeweza kugeuka akaenda zake chomboni. Kisha akapiga magoti mchangani na nguo zake za shule, akainamisha uso hadi karibu na kitambaa, na akauliza. Hakupiga ardhi. Hakunenepesha sauti. Aliuliza kama unavyomwuliza mgeni aliyechoka jina lake.

"Mola wako nani?"

Bahari ilikuwa imetoka mbali, hapakuwa na mawimbi ya kusikia. Kapulana ilikuwa inapanda na kushuka kidogo, kidogo. Custódio alikuwa ameshika kofia yake kifuani, naye hata dini si yake. Muda ukapita ambao mtu angeweza kusoma nusu ya Yasini. Sumaia hakuuliza mara ya pili.

Halafu Wahida akajibu. Hayakuwa maneno mawili ya chuoni. Lilikuwa jibu refu, la sauti ya chini, na waliosimama mbali waliona tu mgongo wa Sumaia ukiinama zaidi na zaidi, mpaka paji la uso wake likagusa mchanga.

Kapulana ilipoondolewa, Wahida alikuwa amenyooka chali, macho yako wazi mbinguni, mikono imelegea kama ya mtoto aliyelala. Alipanda mwenyewe. Nasma alisema mbele ya wote, "Na mimi nililala humo." Chamima akasema, "Na mimi." Wakafuata wengine, wanawake kumi na mmoja na wanaume wanne, mmoja wao mzee wa msikiti.

Jamaldine alikuwa ameketi chini, jora mapajani. "Na mwanangu je?" alimwuliza Wahida, kama anayeomba. "Nilimwombea hapa. Nilimwomba nani?"

"Uliyemwomba hakuwa shimoni, kaka. Alikusikia, ukapewa."

Alilia sana yule mtu. Kisha akainuka, akachukua jembe, akafukia mwenyewe, hakutaka msaada, mpaka pakawa sawa na kwingine. Custódio aling'oa kigingi akapiga mstari kwenye daftari lake. Makaburi yaliyovuka ghuba yalikuwa pungufu kwa moja. Chuo cha kijiji kipya kilijengwa, kina madirisha makubwa, na nyuma yake kuna bustani ya mihogo tu.

Wahida bado ni fundi. Analala kitandani siku hizi, amejinyoosha, na anakoroma. Anasali kama alivyosali siku zote. Jina la Mwalimu Bwanaheri halikuanguka. Wanaomkumbuka wanamwombea zaidi kuliko zamani, na wanajua wanamwombea nini.

Limebaki lile linaloulizwa misibani na harusini, na wengine wamethubutu kuja kuliuliza mlangoni: alijibu nini mle chini? Wamesema alikufuru. Wamesema alisema kwa lugha isiyojulikana. Wamesema alimtaja baba yake. Aliyesikia ni mmoja, mjane wa Tarique, na jibu lake kwa masheikh, kwa jamaa, na kwa kila atakayesoma hapa ni lilelile. Jibu lile lilikuwa la Wahida kwa Mola wake. Sumaia hasemi, wala hatasema.